Kutengeneza kifuniko cha fyuzi cha Volkswagen Beetle kwa mikono yako

Beetle nyingi ambazo bado ziko barabarani zina kisanduku cha fyuzi kilicho wazi. Kile kifuniko cha plastiki angavu kilipasuka au kikapotea zamani, na mwenye gari ameshazoea kuona fyuzi nyeupe na nyekundu zimejipanga chini ya dashibodi, karibu na usukani. Gari linawaka, taa zinawaka, waipa zinafanya kazi, kwa hiyo jambo linaonekana dogo. Mimi siliiti dogo, na nitaeleza kwa nini kabla hatujashika mkasi wa bati.

Kwenye Beetle, waya mwekundu mnene unaotoka upande wa betri na chaji kuja mbele hadi swichi ya taa na kisanduku cha fyuzi haupiti kwenye fyuzi yoyote. Fyuzi zinalinda kile kinachotoka kisandukuni kwenda kwenye taa, honi na indiketa. Haziulindi waya unaouingiza umeme pale. Funguo, bisibisi au kipande cha waya kikigusa upande wa kuingia (namba 30 kwenye michoro ya Kijerumani) na wakati huohuo kikagusa bodi ya gari, hakuna fyuzi itakayokatika. Waya wenyewe ndio utakaogeuka fyuzi. Utawaka wekundu ndani ya fungu la waya wenzake, na moshi utaanza kutoka nyuma ya dashibodi huku swichi ya funguo ikiwa imezimwa, kwa sababu laini ya 30 ina umeme saa zote.

Sababu ya pili ni umbo la fyuzi zenyewe. Zile fyuzi za kauri zenye ncha zilizochongoka, urefu wa mm 25 na unene wa mm 6, hazina kioo wala mfuko wa kuficha ule utepe unaoyeyuka. Utepe umelazwa nje, kwenye mfereji mdogo ubavuni. Unaweza kuugusa kwa kidole. Ukiungua, chembe za metali ya moto zinaruka moja kwa moja hewani, na palipo na zulia, karatasi au nyuzi zilizolegea hapo chini, zitatua hapohapo.

Ya tatu ni maji. Raba ya kioo cha mbele ikikauka, maji hupenya na kushuka nyuma ya dashibodi. Lakini Beetle ina chanzo kingine ambacho wengi hawakifikirii: maji ya kuoshea kioo husukumwa na upepo wa tairi la akiba, na mrija wake unapita hadi kwenye swichi ya waipa, katikati ya nyaya. Mrija ukikakamaa na kuchomoka, maji yenye presha yanamwagika juu ya umeme wote. Kabla ya kutengeneza kifuniko chochote, kagua mrija huo. Ukiwa mgumu, badilisha. Kifuniko kitazuia matone, hakitazuia bomba.

Safisha kwanza, funika baadaye

Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani zinapoharibika. Mtu anatengeneza kifuniko kizuri na kukifungia juu ya klipu zilizooza, yaani vile vishikio vya chuma vinavyobana ncha za fyuzi. Joto kwenye kisanduku cha fyuzi halitokani na fyuzi nzima iliyokaa vizuri. Linatoka pale ambapo klipu imelegea au imefanya kutu ya kijani, na kifuniko kitaficha tu hali hiyo mpaka plastiki ya kisanduku ianze kulainika.

Hesabu yake ni rahisi, na kwa gari la volti 6 inatisha zaidi. Chukua taa kubwa ya wati 45. Kwa volti 6 inavuta ampea 7.5. Klipu chafu ikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, unapoteza volti 0.75, yaani zaidi ya asilimia 12 ya umeme wote wa taa ile, na pale kwenye klipu zinazalishwa wati 5.6 za joto, mahali padogo kuliko ukucha. Gari la volti 12 lenye taa ya wati hizohizo linavuta ampea 3.75, na uchafu uleule unazalisha wati 1.4. Ndiyo maana mwenye Beetle ya volti 6 akilalamika kwamba taa zake ni hafifu, kabla hajauziwa dainamo nyingine, aanzie hapa.

Fungua waya wa hasi kwenye betri, chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Usiruke hatua hii, maana umeshaelezwa kwamba upande wa kuingia hauna ulinzi. Piga picha ya kisanduku na nyaya zake, kisha toa fyuzi moja moja. Sugua kila klipu, hasa kile kitundu ambamo ncha ya fyuzi inakaa, kwa brashi ya shaba au msasa namba 600 uliokunjwa. Pangusa vumbi lote, kwa sababu vumbi la shaba nalo linapitisha umeme. Halafu bana klipu kidogo kwa koleo ya mdomo mwembamba ili fyuzi iingie kwa kukaza. Klipu ambayo imebadilika rangi na kuwa kama zambarau au kahawia iliyokolea imeshaungua. Haina tena nguvu ya springi, na ukiibana itarudi kulegea. Hiyo inabadilishwa.

Fyuzi nazo zichague. Njano ni ampea 5, nyeupe 8, nyekundu 16, bluu 25. Beetle inatumia zaidi nyeupe na nyekundu. Nunua zenye mwili wa kauri na utepe wa shaba. Zipo za plastiki zenye utepe wa aluminiamu, na ndizo zilizojaa madukani. Mwili wake hulainika kwa joto la klipu kabla utepe haujakatika, ncha inazama, na mgusano unazidi kuharibika. Ukiweka fyuzi, elekeza utepe upande wako ili uone kwa jicho kama umekatika. Na yule anayezungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi iliyoungua asijisumbue na kifuniko. Ameshaondoa kitu ambacho kifuniko kingekilinda.

Kwa walio pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, paka utando mwembamba sana wa grisi ya silikoni kwenye ncha za fyuzi ili hewa ya chumvi isiingie. Mafuta ya mgando ya kujipaka hayafai, kwani yanayeyuka na kutiririka gari likikaa juani.

Plastiki ipi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayoamua kama kifuniko kitadumu mwaka au miaka ishirini.

Chupa ya maji au soda ni ya kwanza ambayo watu huifikiria. Iache. Plastiki ile huanza kulainika karibu na nyuzi 70 za Selsiasi, na sehemu ya juu ya dashibodi ya gari lililofungwa vioo juani hukaribia hapo. Kitakunjamana, na kikikunjamana kitalalia fyuzi. Vifuniko vinavyochapwa kwa printa ya 3D kwa plastiki ya kawaida ya PLA ni vibaya zaidi, maana PLA hulainika karibu na nyuzi 60. Ukiwa na mtu mwenye printa, mwambie atumie ABS, inayovumilia hadi karibu nyuzi 100.

Akriliki, ile ya mafundi wa mabango, ni angavu na nzuri kwa macho, na inakunjika vizuri kwa joto. Ina kasoro mbili. Inapasuka ikigongwa na goti, na ikishika moto inaendelea kuwaka hata ukiondoa kiberiti. Kwa kitu kinachokaa juu ya fyuzi, hilo la pili kwangu linatosha kuikataa.

Ninayoipendekeza ni polikaboneti ngumu ya mm 1.5. Haipasuki, inavumilia joto zaidi ya nyuzi 120, na ukiitoa kwenye moto huzima yenyewe. Siyo zile shiti zenye matundu ndani za kuezekea vibanda. Unataka shiti nzima. Usipoipata kwa kipimo kidogo, tafuta ngao ya uso ya kusagia chuma. Nyingi ni za polikaboneti, ingawa nyingine ni nyembamba zaidi, mm 1, nayo inafaa kwa kisanduku kifupi.

Muuzaji akikuambia ni polikaboneti, jaribu kona. Ikunje kwa koleo hadi mwisho. Akriliki itakatika kwa mlio, polikaboneti itakunjika kama bati. Ukiwa na kipande cha kupoteza, kichome ukiwa nje. Akriliki inawaka taratibu na kutoa harufu tamu kama ya matunda, polikaboneti inatoa masizi meusi na kuzima.

Kuna jambo moja la hali ya hewa. Polikaboneti hunyonya unyevu wa hewani, na ukiipasha moto ili uikunje bila kuikausha kwanza kwa masaa kwenye oveni, inajaa viputo vyeupe kwenye mstari wa mkunjo. Pwani hilo halikwepeki. Dawa yake ni kutotumia moto kabisa. Shiti ya mm 1.5 inakunjwa baridi, kwenye jiliwa, kama bati. Ndiyo njia nitakayoeleza.

Kupima na kukata

Idadi ya fyuzi hutofautiana kwa mwaka wa gari. Beetle za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zina fyuzi 8, zilizofuata 10, na za miaka ya 1970 zina 12. Kwa hiyo usichukue vipimo vya gari la jirani. Pima vitu vitatu: urefu wa kitako cha kisanduku, upana wake, na kimo kutoka ukingo wa kitako hadi sehemu ya juu kabisa, ambayo mara nyingi si fyuzi bali ni ncha ya klipu. Kwenye kimo ongeza mm 5. Nafasi hiyo ya mm 5 usiipunguze hata kama kifuniko kitaonekana kimevimba. Kifuniko hakitakiwi kugusa fyuzi hata moja, kwa sababu mtikisiko wa barabara ya vumbi utaisukuma fyuzi ikae upande na kutoka kwenye kitundu cha klipu.

Tuchukue mfano wa kitako cha mm 120 kwa mm 46, na kimo cha mm 16. Kimo cha ndani cha kifuniko kinakuwa mm 21. Upana wa shiti kabla ya kukunja ni mdomo wa mm 5, ubavu 21, juu 46, ubavu 21 na mdomo mwingine 5: jumla mm 98. Urefu ni 120 pamoja na kuta mbili za mwisho za mm 21: jumla mm 162. Ukikunja kwa kona ya mviringo ya mm 3, kinachoongezeka kwenye kona na kinachopungua vinakaribia kufutana, kwa hiyo kata mm 100 kwa 164 na utapunguza kwa tupa baadaye.

Chora kwanza kwenye karatasi ngumu ya manila, kata, kunja, kajaribu garini. Hapo ndipo utagundua waya unaopita kona moja, au rilei inayokaa karibu kuliko ulivyodhani. Rekebisha karatasi mpaka ikae, ndipo uhamishie kwenye shiti. Usiondoe ile ngozi ya kinga ya shiti, chora juu yake kwa kalamu. Na usikwaruze mstari wa mkunjo kwa kisu ukidhani utarahisisha kukunja. Mkwaruzo ni mwanzo wa ufa, na shiti itachanika hapo.

Kwenye zile pembe nne ambapo mkunjo wa ubavu unakutana na mkunjo wa ukuta wa mwisho, toboa tundu la mm 3 kwanza, kisha ukate kwa mkasi wa bati kuelekea kwenye tundu. Tundu la mviringo halichaniki. Pembe kali iliyokatwa kwa mkasi huchanika ukianza kukunja. Piga kingo zote msasa namba 240 halafu 400 hadi kidole kiteleze bila kukwama. Hii nayo si urembo, kwa sababu kila kijino kinachobaki ukingoni ni mahali ambapo ufa utaanzia.

Kukunja

Unahitaji jiliwa, vyuma viwili vya pembe vya kuvika kwenye meno yake, na kipande cha mninga au mbao nyingine ngumu kilichokatwa mm 45 upana na mm 118 urefu, kingo zake zikiwa zimeviringishwa kwa msasa. Hicho ndicho kalibu.

Anza na midomo. Ukianza na mbavu, hutaweza tena kuingiza ukingo kwenye jiliwa. Midomo isiwe mirefu ubavu mzima. Kata uache ndimi mbili za mm 15 kila upande, na sehemu iliyobaki ya ukingo ipunguze kabisa hadi iwe mm 4 juu ya kitako. Uwazi huo ni wa hewa na wa waya kutokea. Bana shiti, ulimi ukitokeza mm 5, na uusukume ndani kwa kipande cha bapa la chuma mpaka ubaki umeinama kama nyuzi 45. Hauhitaji zaidi.

Kisha mbavu. Polikaboneti iliyokunjwa baridi inarudi nyuma, na inarudi sana. Ukitaka pembe mraba ya nyuzi 90, sukuma hadi karibu 115 au 120, shikilia kidogo, achia. Fanya kwa mwendo mmoja wa haraka kwa kutumia mbao iliyofunika urefu wote wa ubavu, wala usikunje kipande kwa kipande kwa mkono, maana mstari utakuwa na mawimbi. Usishangae ukikuta kesho yake mkunjo umefunguka tena kidogo. Ndiyo tabia yake. Uache usiku mzima kabla ya kupima mara ya mwisho na kupunguza kwa tupa.

Lenga mbavu ziinamie ndani kidogo kupita mraba. Ukikivika kifuniko, zitapanuka na kukibana kitako zenyewe, na ndimi zitanasa chini ya ukingo kwa mlio mdogo. Mbavu zikiwa wima kabisa kitacheza, zikiwa zimelala nje kitaanguka.

Kuta za mwisho zinakunjwa mwishoni, kwa kuingiza ile kalibu ya mninga ndani na kuibana kwenye jiliwa pamoja na shiti. Pembe mbili za juu zizibe kwa silikoni ili tone likidondoka lisipenye. Pembe za chini ziache wazi, maji yakiingia yapate pa kutokea.

Sasa silikoni yenyewe. Ile ya kawaida inayonuka siki ukiifungua inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inashambulia shaba. Utakuta klipu ulizosafisha zimekuwa kijani. Omba ile isiyo na harufu ya siki, inayoandikwa kuwa ni ya nyutro. Supa gluu pia haifai, inaacha ukungu mweupe na kuifanya plastiki ipasukepasuke. Na gundi za kuyeyusha plastiki, ambazo mafundi wa mabango huzitumia kwa akriliki, usizisogeze kabisa kwenye shiti iliyokunjwa baridi. Mkunjo una mvutano ndani yake, na kiyeyushi kikiufikia unaota nyufa nyembamba kama utando wa buibui huku unautazama.

Kwa sababu hiyohiyo, petroli, mafuta ya breki, asetoni na dawa nyingi za kupuliza kwenye umeme ni adui wa kifuniko hiki. Tangi la petroli la Beetle liko mbele, upande wa pili wa ukuta ulio nyuma ya dashibodi, na mafuta ya breki nayo yanahifadhiwa hukohuko mbele. Ukifanya kazi yoyote huko, toa kifuniko kwanza ukiweke pembeni. Kikichafuka, osha kwa maji na sabuni laini, basi.

Kufunga na kujaribu

Kifuniko kinatakiwa kitoke kwa mkono mmoja, gizani, bila kifaa. Fyuzi ya taa huungua usiku, na dereva aliyesimama kando ya barabara ya Chalinze au Mtito Andei hatakiwi kutafuta bisibisi. Ndiyo sababu sipendi skrubu. Kama kitako chako kimevunjika ukingo na ndimi hazina pa kunasa, tumia skrubu mbili za nailoni zenye kichwa kinachoshikika kwa vidole. Za chuma hapana, kwa sababu ikikuponyoka itaangukia palepale tunapopakinga. Vipande vya kunata vya kitambaa, vile vya viatu vya watoto, gundi yake inateleza kwa joto. Mpira wa kufungia noti unakauka na kukatika.

Rudisha waya wa betri, usifunge kifuniko kwanza. Washa taa kubwa, waipa, taa ya ndani, subiri kama dakika 20. Chukua multimita, weka kwenye volti za DC, gusa klipu moja ya fyuzi na ile ya upande wa pili, taa zikiwa zinawaka. Unapima kile kinachopotea kupita fyuzi. Chini ya volti 0.1 ni nzuri. Ikifika 0.2 au zaidi, kuna klipu ambayo hujaisafisha vizuri au fyuzi mbovu. Rudia pale. Rudia kwa kila fyuzi yenye mzigo. Zikiwa sawa zote, vika kifuniko, acha taa dakika nyingine 20, kisha gusa juu yake. Kiwe vuguvugu tu. Sehemu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, fyuzi iliyo chini yake ndiyo yenye neno.

Orodha ya kazi za fyuzi iandike kwa kalamu ya rangi juu ya kifuniko, kila namba juu ya fyuzi yake. Karatasi ndani ya kifuniko inanyonya unyevu na ni kuni. Fyuzi za akiba, nyeupe mbili na nyekundu moja, ziweke kwenye kichupa kidogo ndani ya droo ya dashibodi. Kuna wanaozitumbukiza ndani ya kifuniko ili ziwe karibu. Zikitikisika huko zitalala juu ya klipu mbili kwa pamoja, na umeunganisha nyaya mbili ambazo hazikutakiwa kukutana.

Fyuzi iliyojificha kwenye injini

Beetle zenye taa za kurudi nyuma zina fyuzi nyingine ya ampea 8 peke yake kwenye chumba cha injini, karibu na koili. Inakaa ndani ya kishikio cha plastiki kinachofunguka katikati, na joto la injini hukikausha kikawa kama ganda la yai. Mafundi wengi hukizungushia tepu nyeusi. Gundi ya tepu inayeyuka, tepu inajifungua, na ndani kunabaki ute unaokusanya vumbi. Njia nzuri ni kukata kipande cha mrija wa silikoni wenye tundu la ndani la mm 12, urefu wa mm 60, ukivike kwenye waya kabla hujaunganisha, kisha ukivute juu ya kishikio. Silikoni inavumilia joto la pale bila shida, na unaivuta pembeni ukitaka kubadilisha fyuzi. Mrija wa plastiki wa maji unalainika na kuganda kwenye kishikio.

Wenye Land Rover za zamani za Series wanaweza kutumia njia hiihii ya kukunja, kisanduku chao cha Lucas ni kidogo na kazi ni fupi. Wao wana mtego mwingine. Fyuzi za kioo za Lucas za ampea 35 zimeandikwa kiwango cha kuungua. Kiwango cha kubeba muda wote ni ampea 17. Fyuzi ya kioo ya siku hizi iliyoandikwa 35 inabeba 35 muda wote, na waya wa Land Rover utaungua kabla yake. Kwa hao, kitu cha kuandika kwa herufi kubwa juu ya kifuniko ni hicho.

Kipande cha shiti kitakachobaki

Usikitupe. Inua kiti cha nyuma cha Beetle uangalie betri. Kiwandani ilikuja na kifuniko chake na mkanda, navyo mara nyingi havipo. Springi za kiti ziko juu yake kabisa, na chini ya kitambaa kuna nyuzi kavu zinazoshika moto kirahisi. Abiria mzito akikaa upande wa kulia, springi inashuka na kugusa nguzo ya chanya, na springi hiyo imegusa bodi. Betri za siku hizi zikiwa ndefu kuliko ile ya asili, hatari inaongezeka. Beetle nyingi zimeungua kwa njia hii.

Kata kipande kinachofunika nguzo ya chanya na kuzidi mm 30 kila upande, ukikunje kingo mbili chini kwa mm 20, kipumzike juu ya mwili wa betri na siyo juu ya nguzo. Usiizibe betri nzima, kwa sababu inatoa gesi inapochajiwa na gesi hiyo lazima ipate njia. Kifunge kwa mkanda wa nailoni unaozunguka betri. Kisha mwambie mtu mzito akae kwenye kiti upande huo akitikise, mwinue, toa kiti uangalie plastiki. Ukiona alama ya springi imechoreka juu yake, nafasi haitoshi, na betri hiyo inahitaji kubadilishwa na fupi zaidi kabla gari halijabeba abiria nyuma.